Mafuta Yasiyoazimika
Hotuba katika maadhimisho ya miaka mia moja ya Usharika
Somo: Mathayo 25:1–13



Usharika unapotimiza miaka mia moja, desturi ni kutazama nyuma. Huhesabiwa waliobatizwa, waliopokea Kipaimara, ndoa zilizobarikiwa na mitaa iliyozaa sharika nyingine. Ni haki kufanya hivyo, maana asiyekumbuka hawezi kushukuru. Hata hivyo Kanisa, kwa asili yake, ni jamii ya watu wanaongoja. Kila Jumapili washarika husimama na kukiri kwa Imani ya Mitume kwamba yule aliyepaa mbinguni atakuja tena. Kwa hiyo miaka mia ya usharika ni miaka mia ya kumngoja Bwana, na siku kama hii huleta swali ambalo vitabu vya ubatizo haviwezi kulijibu: je, watu hawa wamengoja kwa namna gani?

Wanawali kumi wa Mathayo sura ya 25 walifanana kwa mambo mengi kuliko walivyotofautiana. Wote walialikwa arusini. Wote walishika taa, na wote walitoka kwenda kumlaki bwana arusi. Tena wote walisinzia wakalala, hata wale wenye busara, jambo ambalo husahaulika mara nyingi mimbarini. Bwana hakuwakemea kwa usingizi huo. Mwili wa mwanadamu huchoka, na bwana arusi alikuwa amekawia kweli. Tofauti ilikuwa katika kitu kisichoonekana mchana, yaani akiba ya mafuta. Taa ndogo ya udongo ya nyakati zile haikuweza kuwaka usiku kucha bila kuongezewa, na wako wataalamu wanaodhani kwamba zilikuwa mienge ya matambara yaliyochovywa mafutani, ambayo huzimika upesi zaidi. Kwa vyovyote vile, aliyetoka bila akiba alikuwa ametoka kwa matumaini kwamba bwana arusi atafika upesi. Upumbavu wa wale watano ulikuwa huo: walijiandaa kwa ajili ya bwana arusi asiyekawia.

Kukawia huko ndiko kulikowasumbua waumini tangu mwanzo. Paulo alipowaandikia Wathesalonike, walikuwako miongoni mwao walioacha kazi na kuzurura kwa wenzao, nao wengine walikuwa wamefadhaishwa na habari kwamba siku ya Bwana imekwisha kuwapo. Tangu hapo watu wamejaribu njia mbili za kuukwepa ugumu wa kungoja. Wengine huhesabu tarehe. Wengine husahau kabisa.

Habari ya kuhesabu tarehe ina kisa chake katika nyumba ya Walutheri wenyewe, na si vema kukificha. Michael Stifel alikuwa mtawa aliyeupokea mwamko wa Matengenezo, rafiki wa Martin Luther, na tangu mwaka 1528 mchungaji wa Lochau, si mbali na Wittenberg. Alikuwa mtu wa hesabu kwa kipawa halisi. Alizigeuza herufi za maneno ya Maandiko kuwa tarakimu, akajumlisha, akapata jibu: Kristo atarudi tarehe 19 Oktoba 1533, saa mbili asubuhi. Luther alimwonya asiendelee, lakini hakusikia. Husimuliwa kwamba wakulima waliacha mashamba yao na kula akiba waliyokuwa nayo, kwa kuwa hakuna apandaye mbegu kwa ajili ya juma lisilokuwapo. Asubuhi ile ilipita kama asubuhi nyingine zote. Stifel alikamatwa, akaondolewa katika kazi yake, na watu wa Lochau wakabaki na majira ya baridi mbele yao na ghala tupu.

Luther na Philipp Melanchthon walimwombea mwenzao huyo, naye akapewa usharika mwingine mwaka 1535. Mwaka 1544 alitoa kitabu kikubwa cha hesabu ambacho wanahisabati hukitaja hata leo. Kipawa chake, basi, kilikuwa cha kweli. Kosa lilikuwa kukipeleka mahali ambapo Bwana mwenyewe alisema kwamba hakuna aijuaye siku wala saa.

Inafaa kuona alivyoishi Luther katika miaka hiyohiyo, maana naye aliamini kwa moyo wote kwamba siku ya mwisho imekaribia. Aliizungumza kama mtu anayeingoja siku njema. Lakini mtu huyo, akiamini kwamba dunia haina muda mrefu, mwaka 1524 aliwasihi madiwani wa miji ya Ujerumani wafungue shule za watoto. Mwaka 1529 alitoa Katekisimo Ndogo ili baba na mama wawafundishe watoto wao nyumbani. Mwaka 1534, mwaka mmoja baada ya aibu ya Lochau, Biblia nzima kwa Kijerumani ikatoka mitamboni. Huo ndio ushahidi wa namna alivyongoja. (Ule msemo wa kupanda mti wa tofaa hata kama dunia itakwisha kesho, unaopendwa sana katika hotuba, haujapatikana popote katika maandishi yake. Maandishi ya kwanza yanayojulikana kuutaja ni ya mwaka 1944. Shule na Katekisimo zinatosha.)

Lochau iliishia katika aibu na njaa. Nyakati za karibu zimeleta makubwa zaidi. Tarehe 17 Machi 2000, huko Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda, mamia ya watu waliteketea ndani ya jengo la ibada lililofungwa. Viongozi wa kundi lao walikuwa wametangaza kwamba ulimwengu ungekoma mwishoni mwa mwaka 1999, na waumini wengi walikuwa wameuza mali zao. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ilianza kufukuliwa miili ambayo hatimaye ilizidi 400, wakiwamo watoto wengi. Kwa mujibu wa mamlaka, watu hao waliaminishwa kwamba wakifunga chakula hadi kufa watakutana na Yesu.

Ni rahisi kwa makanisa ya siku nyingi kutikisa kichwa na kusema hayo ni mambo ya watu wasio na elimu. Neno hilo si la kweli, wala si la upendo. Wengi wa waliokufa walitaka kumwona Bwana, tena kwa shauku ambayo imepoa katika sharika nyingi zenye viti vizuri na vipaza sauti. Mahali ambapo Kanisa halifundishi juu ya kurudi kwa Kristo, swali la watu halifi. Huenda kulitafutia jibu kwa mtu mwingine. Jumapili za mwisho wa mwaka wa Kanisa na Jumapili nne za Majilio zimewekwa katika kalenda kwa ajili ya fundisho hilo, na mara nyingi hupita zikijazwa matangazo ya michango na maandalizi ya Krismasi.

Jinsi fundisho hilo linavyoweza kumshika mtu penye giza kuu inaonekana katika maisha ya Philipp Nicolai. Mwaka 1597 alikuwa mchungaji wa Unna, katika nchi ya Westfalia, tauni ilipouingia mji. Nyumba yake ilielekea uwanja wa makaburi. Siku nyingine walizikwa watu hata thelathini, na kabla ugonjwa haujakoma walikuwa wamekufa zaidi ya elfu moja. Mtu katika hali hiyo angeweza kuhesabu tarehe, maana dalili zote zilikuwepo. Angeweza pia kukimbia. Nicolai alikaa, akazika, akatembelea wagonjwa, na katika saa zilizobaki alisoma na kuandika juu ya uzima wa milele. Kitabu chake kilitoka mwaka 1599, nacho kilibeba tenzi mbili zilizozunguka dunia nzima. Mmoja wao umejengwa juu ya wanawali kumi na mlinzi anayeita usiku wa manane. Ajabu yake ni kwamba hauna hofu. Mtu aliyeona majeneza dirishani kila siku aliusikia mwito ule kama habari ya arusi.

Tarehe 25 Novemba 1731, Johann Sebastian Bach aliuimbisha utenzi huo mjini Leipzig kwa muziki mpya. Ilikuwa Jumapili ya 27 baada ya Utatu, Jumapili ambayo huja mara chache tu, Pasaka inapoangukia mapema sana.

Mji huo wa Leipzig haukubaki mbali na Afrika Mashariki. Mwaka 1893 wamisionari wa Misioni ya Leipzig walifika Machame, chini ya Mlima Kilimanjaro, nao walileta pamoja na Injili desturi ya Majilio na mfano wa wanawali kumi. Miaka haikupita mingi kabla fundisho hilo halijajaribiwa. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, wamisionari wa Kijerumani walifukuzwa Tanganyika mwaka 1920. Hawakujua kama wangerudi, wala Wakristo wa mlimani hawakujua. Mabwana wa nyumba walikuwa wamesafiri, funguo zikabaki mikononi mwa walimu na wazee.

Watu hao walifanya nini? Walifundisha katekisimo kwa wanafunzi, walisoma Neno Jumapili, waliwaonya waliokosa, waliwazika wafu wao kwa tumaini. Wamisionari waliporuhusiwa kurejea katikati ya miaka ya 1920, walikuta sharika hai. Na Vita ya Pili ilipowaondoa tena, nyumba haikuanguka pia. Makanisa saba yaliyoungana tarehe 19 Juni 1963 kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania yalikuwa na mizizi katika miaka hiyo ya kuachwa peke yao. Ndiyo maana yafaa kuwataja walimu wale wa vijijini leo, ingawa majina ya wengi hayamo katika kitabu chochote. Walipoachwa hawakukaa kutazama njia. Walitunza nyumba kama watu watakaotoa hesabu.

Hapo ndipo neno lililo gumu kuliko yote katika mfano huu linapoufikia usharika wenye miaka mia. Wanawali wapumbavu waliomba mafuta kwa wenzao, wakanyimwa. Msomaji huwaona wale wenye busara kuwa wachoyo, na wanafunzi wa Kipaimara huuliza swali hilo karibu kila mwaka, tena kwa haki. Jibu ni kwamba kuna vitu ambavyo upendo hauwezi kuviazimisha hata ukitaka. Mababa wa Kanisa walitofautiana juu ya maana ya mafuta hayo. Yohane Krisostomo aliyaona kuwa huruma kwa maskini, Augustino upendo, Luther imani. Wote walikubaliana katika jambo moja, kwamba hayahamishiki. Bibi anaweza kumpeleka mjukuu wake kwenye ubatizo, kumfundisha sala, kumwachia Biblia yake na kitabu cha nyimbo chenye kurasa zilizochakaa. Hawezi kumwamini Kristo kwa niaba yake.

Usharika uliopandwa kwa machozi ya wengine huishi katika hatari hiyo hasa. Mwanga wa waanzilishi huendelea kuonekana kwa muda, kama utambi unaowaka kwa mafuta ya jana. Nyimbo zinaimbwa, sadaka zinahesabiwa, mikutano ya wazee inaanza kwa sala. Kijana aliyepokea Kipaimara haonekani tena mpaka siku ya ndoa yake. Baba hukaa miaka mingi bila kupatana na ndugu yake juu ya mpaka wa shamba, na wote wawili hukutana mezani pa Bwana bila kutazamana. Hakuna kelele, na kengele hulia saa ileile. Usiku wa manane tu ndio huonyesha kilichomo ndani ya chupa.

Mafuta basi hupatikana wapi? Fundisho la Kilutheri halimtumi mtu kwenda kujitengenezea. Hupatikana pale pale yalipouzwa bila fedha tangu mwanzo: katika Neno linalosikiwa, katika ubatizo unaokumbukwa kila siku kwa toba, katika Ushirika Mtakatifu, ambao Paulo anawaambia Wakorintho kwamba kila waushirikipo huitangaza mauti ya Bwana mpaka ajapo. Na sura ya 25 haiishii mlangoni pa arusi. Inaendelea na talanta, kisha na Mfalme anayeuliza juu ya mwenye njaa, mgeni, mgonjwa na mfungwa. Wale waliosifiwa hapo walishangaa, maana hawakujua kwamba walikuwa wakimhudumia yeye. Walikuwa wameonana naye mara nyingi kabla ya siku ile, na alipokuja katika utukufu hakuwa mgeni kwao.

Katika safu za mbele leo wameketi wazee waliobatizwa na kizazi cha kwanza cha wachungaji wazalendo. Kwao kuja kwa Bwana si somo la Majilio tu. Wanajua kwamba kwa kila mmoja wao mwito wa usiku huenda ukasikika kabla ya mwisho wa dunia, katika kitanda cha nyumbani au cha hospitali, na wengi wao wameshapanga nyimbo za mazishi yao. Wajukuu wao wameketi nyuma, karibu na mlango. Wazee bado wapo, na mpaka wa shamba bado unaweza kuzungumzwa jioni hii, kabla watu hawajatawanyika kwenda majumbani.