KUCHEUA KWA WATOTO WACHANGA NA MATUMIZI YA NYONYO BANDIA

(Yafuatayo ni maandishi ya mazungumzo ya Afisa Habari wa Wizara mbele ya wazazi wa Mnero, wilayani Nachingwea, Mkoa wa Lindi. Yanachapishwa hapa kwa faida ya watumishi wa Serikali na wananchi wa Unguja na Pemba.)



Natoka Visiwani, lakini hapa Mnero si mgeni kabisa, kwani binti yangu ameolewa hapa na mjukuu wangu amezaliwa hapa. Aidha, napenda ieleweke kwamba mimi si daktari. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa ni kuyachukua maneno ya wataalamu na kuyafikisha kwa wananchi kwa lugha inayoeleweka.

Mjukuu wangu huyo alipotimiza miezi miwili alikuwa akicheua kila anaponyonya, na kila jioni akilia na kujinyonga mgongo. Majirani walisema ni mchango. Jamaa mmoja, kwa nia njema, akaleta nyonyo bandia ya mpira aliyoinunua dukani. Mtoto akatiwa nyonyo kinywani, akanyamaza. Nyumba nzima ilifurahi, na mimi babu yake nilikuwa wa kwanza kusifu.

Siku ya kupima uzito ilipofika, mstari kwenye kadi ya kliniki haukupanda. Muuguzi hakuuliza habari za mchango. Aliuliza jambo moja tu: mtoto ananyonya mara ngapi, usiku na mchana? Binti yangu alipohesabu aliona kwamba mtoto aliyekuwa akinyonya mara kumi sasa ananyonya mara sita. Kila alipotaka ziwa alipewa mpira. Sisi tuliona ametulia, kumbe alikuwa na njaa.

Ndugu wazazi, kwa mnasaba huo nimeona tuzungumzie jambo hili kwa makini.

Kwanza, kucheua ni nini? Chakula hupita katika umio kuingia tumboni, na pale chini ya umio upo msuli wa mviringo unaofunga mlango ili chakula kisirudi. Kwa mtoto mchanga msuli huo bado ni mlegevu, umio ni mfupi, chakula chake chote ni cha majimaji, na muda mwingi amelala. Hivyo maziwa hurudi juu pamoja na tindikali ya tumbo. Mtu mzima hali hiyo huiita kiungulia, naye anaweza kueleza panapomuuma. Mtoto hana la kufanya ila kulia.

Jambo hili ni la kawaida mno. Uchunguzi uliofanywa katika eneo la Chicago, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1997, ulionesha kwamba kiasi cha thuluthi mbili ya watoto wa miezi minne walikuwa wakicheua angalau mara moja kwa siku. Kwa watoto wa miezi 10 hadi 12 idadi hiyo ilishuka hadi asilimia 5. Kwa maneno mengine, mtoto anayecheua lakini ananyonya vyema, anachangamka na anaongezeka uzito si mgonjwa. Atakapokaa, kusimama na kula chakula kizito, hali hiyo kwa kawaida itakwisha yenyewe.

Pili, je, nyonyo bandia inasaidia? Haki lazima isemwe. Mtoto anaponyonya kitu, hata kisichokuwa na maziwa, mate humjaa kinywani naye huyameza. Mate hayo huusafisha umio na kupunguza ukali wa tindikali, na kule kunyonya kwenyewe humtuliza. Aidha, mwaka 2005 Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kilishauri mtoto apewe nyonyo wakati wa kulala, kwa kuwa uchunguzi ulionesha kwamba vifo vya ghafla vya usingizini ni vichache kwa watoto wanaoitumia. Lakini chama hicho hicho kilishauri kwamba mtoto anayenyonya maziwa ya mama asipewe kabla ya kutimiza mwezi mmoja, ili unyonyaji ukae sawa kwanza.

Kumbe kinachomtuliza mtoto ni kunyonya, na ziwa la mama hulifanya jambo hilo hilo, tena likamlisha. Nyonyo bandia haiondoi sababu ya kucheua. Hunyamazisha kilio tu, na kilio ndiyo lugha pekee aliyonayo mtoto. Wahenga walisema: mficha maradhi kilio humuumbua. Hapa sisi tunakificha hata hicho kilio.

Shirika la Afya Duniani na UNICEF walipotoa hatua kumi za kufanikisha unyonyeshaji mwaka 1989, hatua ya tisa ilikataza kabisa nyonyo bandia kwa watoto wanaonyonya. Mwaka 2018 hatua hiyo ilirekebishwa, na sasa inawataka watumishi wa afya wamshauri mama kuhusu matumizi na hatari zake. Uamuzi umeachiwa mzazi, lakini mzazi aliyeelezwa.

Hatari zenyewe ni hizi. Nyonyo huanguka mavumbini na kurudishwa kinywani. Kwa mtoto mchanga inapasa kuchemshwa kila siku, na sote tunajua kazi ya kuteka maji na kutafuta kuni. Isiposafishwa huleta kuharisha na utando mweupe wa kinywani. Ikifungwa kwa uzi shingoni inaweza kumnyonga mtoto. Ikichovywa katika sukari huharibu meno yanapoota. Ikichovywa katika asali ni hatari zaidi, kwani asali inaweza kumletea mtoto aliye chini ya mwaka mmoja sumu inayolegeza viungo na pumzi.

Tatu, tufanye nini? Mnyonyeshe mtoto kidogo kidogo, mara nyingi. Baada ya kunyonya mweke begani, umpapase mgongo mpaka atoe hewa, kisha mshike wima kiasi cha nusu saa. Mama anayekwenda shambani kuokota korosho asimfunge mgongoni mara tu baada ya kunyonya na kuanza kuinama, kwa sababu tumbo lililojaa likibanwa hurudisha maziwa. Wakati wa kulala alazwe chali, mahali palipo sawa, bila mto, hata kama anacheua. Asipewe uji, maji wala dawa ya mchango kabla ya miezi sita.

Nne, zipo dalili ambazo hazingoji. Mtoto anayetapika kwa nguvu maziwa yakaruka mbali, hasa katika wiki za mwanzo, anayetapika rangi ya kijani au damu, mwenye homa, anayekataa ziwa, ambaye utosi wake umebonyea au hakojoi, asiyeongezeka uzito, huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Hapa Mnero mnayo hospitali ya misheni karibu. Itumieni.

Mwisho, nawageukia akina baba na viongozi wa kazi. Mara nyingi nyonyo bandia huingia nyumbani kwa sababu mama amechoka au amerudi kazini mapema. Kwa upande wa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Mkuu wa ofisi anayezitoa saa hizo hamfanyii mama fadhila, anatimiza sheria. Na baba anayemshika mtoto wima begani kwa nusu saa, mama apate kulala, hapungukiwi na heshima yake.

Tumepiga hatua nchini. Mwaka 2010, nusu ya watoto walio chini ya miezi sita walikuwa wakinyonya maziwa ya mama pekee. Kufikia mwaka 2022 walikuwa asilimia 64. Tusirudi nyuma kwa sababu ya kipande cha mpira.

Mjukuu wangu alirudishwa kwenye ziwa kila alipolitaka, na mwezi uliofuata mstari ulipanda. Aliendelea kucheua mpaka alipoanza kutambaa, na nguo zangu zilijua hivyo. Basi mtoto anapolia, kabla hatujamtia kitu kinywani, kwanza tumsikilize, kisha tuitazame kadi yake.