Mlango wa Chama cha Wafanyakazi

Hotuba kwa waalimu na watu wa parokia za kando ya Ziwa



Nimepewa neno la kusema ambalo halikuzoeleka katika sikukuu za jubilei. Wengine wamekwisha kusema vizuri habari za shule na makanisa. Mimi nimeambiwa niseme juu ya chama cha wafanyakazi: je, yafaa sheria imrahisishie mtu wa mshahara kuingia chamani, au yafaa mlango ubaki mwembamba? Waajiri wana maneno yao, serikali ina yake, na viongozi wa vyama wana yao. Lakini atakayepona au kuumia kwa neno hili ni kijana akataye minofu ya sangara kiwandani Mwanza, na mwenziwe avuaye dagaa usiku huko Ukerewe na Ukara, na mwalimu wa shule aliyeketi hapa mbele yangu. Basi nitasema habari za hao.

Tusidhani ya kuwa kuungana kwa ajili ya kazi ni jambo lililoletwa na wageni. Wasukuma walikuwa na vikundi vya vijana vya kulima, na mkubwa wa vijana aliitwa nsumba ntale. Mwenye shamba hakumwita kijana mmoja kando akapatana naye kwa siri. Alimwendea mkubwa wao, wakapatana malipo ya kundi zima, ndipo majembe yakainuliwa kwa nyimbo. Wakulima wa pamba nao, walipochoka na mizani za wanunuzi, walijiunga katika vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vyama hivyo vikafanya muungano mkubwa, Victoria Federation of Co-operative Unions, ulioongozwa na Paul Bomani. Lakini mkulima ana pamba yake mkononi, aweza kuiweka ghalani kitambo kidogo. Kibarua ana mikono tu, na mikono haiwekwi ghalani; siku ikipita, imepita na ujira wake.

Sheria ya kwanza ya vyama vya wafanyakazi katika Tanganyika ilitungwa mwaka 1932. Ilikuwapo kitabuni, lakini kwa miaka mingi haikuwapa nguvu watu wa kazi. Makuli wa bandari waligoma Tanga mwaka 1939, na wa Dar es Salaam mwaka 1947, na mgomo huo wa pili ukafuata reli mpaka bara. Chama cha makuli kilichozaliwa wakati ule kilifutwa mwaka 1950 baada ya ghasia. Mwaka 1955 vyama mbalimbali viliungana katika Tanganyika Federation of Labour, na katibu mkuu wake akawa Rashidi Kawawa, ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu.

Sasa nawaomba mnisikilize sana, maana hapa ndipo wengi wetu tunapopotea. Baada ya maasi ya askari ya Januari 1964, viongozi kadha wa vyama walitiwa kizuizini, muungano ule ukavunjwa, na kwa sheria ya mwaka ule ule kikaundwa chama kimoja kwa nchi nzima, jina lake NUTA. Katibu mkuu aliwekwa na Rais, na wa kwanza alikuwa Michael Kamaliza, naye alikuwa ndiye Waziri wa Kazi. Mahali ambapo zaidi ya nusu ya wafanyakazi walikuwa wanachama, waliobaki waliweza kulazimishwa kuingia. Tazameni basi: hapana wakati katika nchi yetu ambapo kuingia chamani kulikuwa rahisi kuliko siku zile. Mtu hakuhitaji ujasiri wala kumshawishi mwenziwe. Aliamka asubuhi akajikuta mwanachama.

Je, walipata msemaji? Mwaka 1971 TANU ilitoa Mwongozo, uliokataza viongozi kuwa wajeuri na wadhalimu. Wafanyakazi waliusoma, wakauamini, na katika miaka miwili iliyofuata viwanda vingi viliona watu wakiweka chini zana zao. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mipira cha Mount Carmel huko Dar es Salaam walikitwaa kiwanda wakakiendesha wenyewe. Migomo ile haikuitishwa na NUTA. Watu waliokuwa na chama kikubwa kuliko vyote iliwabidi kusema kana kwamba hawana chama. Mwaka 1978 ikaja JUWATA, na mwaka 1991 OTTU. Majina yakabadilika kuliko mambo yenyewe. Vyama huru vilirudi kwa sheria ya 1998, iliyoanza kazi mwaka 2000.

Kwa hiyo mtu anaponiambia kwamba yafaa kurahisisha, mimi humwuliza: kumrahisishia nani? Mfanyakazi aingie na kutoka kwa hiari yake, au chama kipate ada bila kumwomba mtu? Hayo ni mambo mawili, na huvaa kanzu moja.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilitaka mkutano wa wafanyakazi 20 tu ili kuanzisha chama. Wenzetu wa ng'ambo ya Ziwa, Uganda, walikuwa na sheria ya 1976 iliyodai watu 1000, mpaka ilipobadilishwa mwaka 2006. Kwa kipimo hicho mlango wetu ni mpana. Lakini mlango wa nje ukiwa wazi, nyumba yaweza kuwa na milango mingine ndani.

Wa kwanza ni huu. Sheria ile ile ilimlinda mfanyakazi asiachishwe kazi bila sababu ya haki, lakini ulinzi huo haukumfikia aliyekaa chini ya miezi 6 kwa mwajiri mmoja. Ni kweli kwamba ilikataza pia mtu kubaguliwa kwa ajili ya chama. Nani atathibitisha? Kijana wa parokia yetu alisimama asubuhi nyingi langoni pa kiwanda kimoja cha samaki, pamoja na vibarua wengine, akingoja kuhesabiwa. Msimamizi hakumwambia kuwa amefukuzwa kwa sababu alisema habari za chama. Alinyosha kidole kwa huyu na huyu na huyu, na kidole hakikumfikia. Kesho yake hivyo hivyo. Hapana barua, hapana neno, na asipokuwa na barua atapeleka nini mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi?

Mlango wa pili ni karatasi. Chama kikiwa na wafanyakazi wengi kuliko nusu katika sehemu moja ya kazi, mwajiri hupaswa kukitambua na kupatana nacho. Wengi hao huonekana kwa fomu ambazo kila mtu ametia sahihi akikubali kukatwa ada. Lakini anayekata ada ni mwajiri, kwa hiyo fomu hufika mezani pake yenye jina. Hapo mtu hujitangaza mbele ya yule yule anayemwogopa. Jambo hili limebishaniwa hata Marekani. Sheria yao ya 1935 iliweka njia ya kura ya siri, na mwaka 2009 uliletwa muswada wa kuruhusu kadi zilizotiwa sahihi zitoshe, lakini haukupita. Waliouunga mkono walisema kwamba majuma ya kungoja kura humpa mwajiri nafasi ya kuwatisha watu mmoja mmoja. Waliopinga walisema kwamba mtu akiletewa kadi na rafiki zake huona haya kukataa. Nadhani wote wawili walisema kweli. Kwa hali yetu ya hapa, mimi ningependa kura ya siri, tena ipigwe upesi, katika siku chache, mbele ya afisa wa kazi, na vibarua wa miezi ile wahesabiwe pamoja na wengine. Fomu ya ada ije baada ya kura, si kabla.

Waajiri nao wasikilizwe, maana si wote wabaya. Husema ya kuwa samaki hangoji: mashine zikisimama siku mbili, mzigo umeoza. Husema pia kwamba bei haiwekwi Mwanza, na ni kweli. Mwaka 1999 Ulaya ilipokataza samaki wa Ziwa hili, viwanda vilikosa soko lao kubwa kwa kosa la wachache waliovua kwa sumu. Na vyama vikiwa vingi katika kiwanda kimoja, husema, tutapatana na nani? Swali la mwisho lina jibu katika sheria yenyewe, kwa kuwa chama chenye wengi ndicho huwa msemaji pekee. Ama lile la samaki kuoza, sheria imekwisha kuweka usuluhishi wa siku 30, na kura ya wanachama, na taarifa ya saa 48 kabla ya kugoma. Mwenye kiwanda ana mwezi mzima wa kusikiliza.

Wengine huuliza kama dini yaruhusu haya. Papa Leo wa 13, katika waraka wake wa mwaka 1891 juu ya hali ya wafanyakazi, alitetea haki yao ya kujiunga, na papo hapo akatetea mali ya mwenye mali. Sitasema zaidi, mapadre wapo.

Nije kwenu waalimu. Ninyi hamsimami langoni asubuhi, na chama chenu, kilichoandikishwa mwaka 1993, ni kikubwa. Mwaka 2012 kiliitisha mgomo nchi nzima, na Mahakama ikauzuia baada ya siku chache. Taabu yenu si kuingia. Kwa miaka mingi ada imekuwa asilimia 2 ya mshahara, na minung'uniko niisikiayo vijiweni ni ya kukatwa, tena wengine husema hawakumbuki kutia sahihi. Sheria huruhusu ada ya uwakala kwa asiye mwanachama, pakiwa na mapatano, ili asile jasho la wenziwe bure. Sikatai sababu hiyo. Lakini sheria hiyo hiyo humpa mwanachama ruhusa ya kuondoa kibali chake kwa taarifa ya mwezi mmoja, nayo hukitaka chama kikaguliwe hesabu zake kila mwaka na wanachama waruhusiwe kuziona. Ni wangapi humu ndani walioomba kuziona? Naona mikono mitatu. Mwalimu asiyeuliza hesabu hukiandaa chama chake kuwa NUTA nyingine, ingawa hapana Rais aliyemwekea katibu.

Wamebaki wavuvi, nao ndio walionituma hasa. Katika mialo yetu wapo Vikundi vya Usimamizi wa Rasilimali za Uvuvi, lakini humo mwenye mtumbwi na mvuvi wake huketi benchi moja kulinda samaki. Si mahali pa kudai ujira. Mvuvi wa dagaa hulipwa fungu, baada ya kutoa gharama za mafuta na chakula, na mwenye kuandika gharama ni tajiri mwenyewe. Matajiri husema: hawa si wafanyakazi, ni washirika wangu. Lakini Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 imeweka alama kadha, na ikionekana hata moja, mtu huhesabiwa kuwa mfanyakazi mpaka ithibitishwe vingine: kwamba kazi yake huongozwa na mwingine, au hupewa zana na huyo mwingine, au humtegemea kwa riziki yake. Mtumbwi ni wa nani? Na nyavu, na taa, na injini?

Juma lililopita vijana wa kisiwani waliniuliza watapata wapi watu 20, na mtumbwi mmoja huchukua wanne. Nikawaambia kwamba sheria haikusema wawe wa tajiri mmoja. Mitumbwi mitano yatosha kwa kuandikisha chama. Wakauliza tena: na kutambuliwa? Hapo hesabu huanza upya kwa kila tajiri. Katika mtumbwi wa watu wanne, walio wengi ni watatu. Baada ya mkutano huu nitaketi nao chini ya mwembe ule kusoma kifungu kwa kifungu, na mwalimu aliye na nakala ya sheria kwa Kiswahili naomba aje nayo.