Usiku wa Udahili, Nani Yuko Macho?

Dirisha la udahili likifunguliwa, vijana humiminika kwenye tovuti ya chuo kwa wakati mmoja. Mfumo ukikwama saa nane za usiku, mwombaji hapati kumbukumbu namba ya kulipia, na anayepigiwa simu ni Afisa TEHAMA Daraja la II, kijana aliyehitimu juzi tu. Je, analipwa anachostahili? Kwa maoni yangu, hapana. Mshahara wake hufuata daraja, haufuati mzigo. Na kama alisoma kwa mkopo, Bodi ya Mikopo hukata asilimia 15 ya mshahara huo kila mwezi. Wapo watakaosema ana bima na pensheni. Vina thamani, sivibezi. Ila aliyeajiriwa kwa mkataba wa miezi michache atavipata wapi? Vyuo vianze na posho ya zamu za usiku, msimu huu huu.