Mazungumzo ya 14: Baiskeli, Hedhi na Mifupa ya Msichana

 Vuta kiti uketi. Kama una binti anayependa michezo, mwite aje asikilize. Na wewe baba usiondoke, kwa sababu maneno ya leo yanakuhusu pia.

Leo tutasafiri mbali kidogo, hadi Ufaransa, kisha turudi nyumbani. Huko Ufaransa kuna mashindano ya baiskeli ya wanawake yanayoitwa Tour de France Femmes. Haya ni mashindano ya hatua, maana yake hayaishi siku moja. Leo wanatoka mji huu hadi mji ule, labda kilomita 130. Kesho wanaamka na kuendelea, na kesho kutwa wanapanda milima. Muda wa kila siku unajumlishwa, na mwenye muda mfupi kuliko wote huvaa jezi ya manjano. Mwaka 2022 yalikuwa na hatua nane. Mwaka 2025 yakawa na hatua tisa, na jumla ya mwendo ilizidi kilomita 1,100.

Utauliza, mambo ya Ufaransa yanahusianaje na afya ya binti yangu? Subiri kidogo, nitakufikisha.

Kwanza ujue kwamba wanawake hawa hawakupewa nafasi hiyo kwa urahisi. Mwaka 1984 palikuwa na mashindano ya wanawake yaliyokwenda sambamba na yale ya wanaume. Marianne Martin kutoka Marekani ndiye aliyeshinda, akapata takriban dola 1,000. Mshindi wa wanaume mwaka huo, Laurent Fignon, alipata zaidi ya dola 100,000. Baada ya miaka michache mashindano hayo ya wanawake yakafa. Yalifuatwa na mengine, nayo yakayumbayumba kwa kukosa fedha hadi yakaisha. Ndiyo sababu mwaka 2022, yalipoanzishwa upya kwa jina la sasa, wengi waliona kama mvua imenyesha baada ya kiangazi kirefu. Mshindi alikuwa Annemiek van Vleuten wa Uholanzi, mwanamke wa miaka 39.

Van Vleuten huyo aliugua tumbo katika siku za kwanza, akawa anashindwa kula. Kisha akapona, akashinda hatua mbili za mwisho milimani. Hadithi tamu, lakini tafadhali usiifanye mfano wa kuiga. Yeye alikuwa na daktari wa timu karibu naye kila jioni. Wewe ukiharisha, pumzika, unywe maji yaliyochanganywa na pakiti ya ORS, na ukiona damu au homa kali nenda kituo cha afya. Baiskeli itakungoja.

Sasa tuingie katika jambo lenyewe. Baiskeli ikipanda mlima, uzito ndio adui. Kila kilo unayobeba, hata ile ya mwili wako mwenyewe, lazima uisukume hadi juu. Mwendeshaji akipungua kilo mbili na nguvu za miguu zikabaki zilezile, atafika mapema. Na mapema hiyo inaweza kuwa sekunde chache tu. Mwaka 2024, baada ya siku saba za kusafiri kutoka Rotterdam hadi juu ya mlima wa Alpe d'Huez, Kasia Niewiadoma wa Poland alimshinda Demi Vollering wa Uholanzi kwa sekunde nne. Hebu zihesabu: moja, mbili, tatu, nne. Basi unaelewa kwa nini msichana wa namna hiyo anaweza kuiangalia sahani ya chakula kama adui.

Mwaka 2025 jambo hili lilizungumzwa wazi. Mshindi wa mwaka huo, Pauline Ferrand-Prévot wa Ufaransa, alisema alipunguza uzito kwa makusudi kabla ya mashindano, akiongozwa na wataalamu wa timu yake, na akakiri kwamba hali ile si ya kudumu nayo mwaka mzima kwa sababu si ya afya. Vollering, aliyekuwa wa pili, naye akaandika kwamba anahisi shinikizo la kuwa mwembamba, lakini mwili wake haukuumbwa hivyo na hataulazimisha. Mimi sitawahukumu, kila mmoja ni mtu mzima na ana kazi yake. Ninaowafikiria ni wasichana wa miaka 15 waliowatazama, na makocha wao.

Sikiliza jinsi mwili unavyofanya kazi. Chukua mfano wa mama wa nyumbani mwenye shilingi chache mwishoni mwa mwezi. Atanunua unga kwanza. Atanunua mafuta ya taa. Sare ya shule itangoja, na paa linalovuja litangoja. Mwili nao hufanya hivyohivyo. Chakula kikiwa kidogo kuliko kazi, moyo na ubongo hulipwa kwanza. Mazoezi nayo yanachukua sehemu yake kwa nguvu. Kinachobaki hakitoshi, kwa hiyo mwili unaahirisha mambo ambayo kwa leo si ya kufa na kupona. La kwanza kuahirishwa kwa wanawake wengi ni hedhi. Jingine ni kujenga mifupa.

Madaktari wa michezo wameijua hali hii kwa miaka mingi. Tangu mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki imeipa jina lake rasmi, ambalo kwa Kiswahili chepesi tunaweza kuliita upungufu wa nguvu kwa mwanamichezo. Huwapata wanaume pia. Dalili zake ni hizi: hedhi kuchelewa au kukoma, uchovu usioisha hata baada ya kulala, kuhisi baridi wakati wengine hawaihisi, mafua ya kila mara, hasira na huzuni, na nyufa ndogo katika mifupa. Na dalili moja ya kushangaza: msichana anafanya mazoezi zaidi, lakini kasi yake haiongezeki.

Wala usidhani lazima awe mwembamba kama ufito. Mwili unaweza kujibana matumizi hata uzito ukabaki palepale. Ukimtazama kwa macho huwezi kujua.

Veronica Ewers wa Marekani alimaliza miongoni mwa kumi bora katika Tour de France Femmes ya 2022. Baadaye alieleza hadharani kwamba hedhi yake ilikuwa imepotea kwa miaka mingi, na mwaka 2025 akasimamisha mashindano ili mwili wake upate nafuu. Namheshimu sana kwa kusema. Katika michezo mingi, na hapa kwetu pia kwenye mbio, bado kuna watu wanaomwambia msichana kwamba hedhi ikikoma ni ishara kuwa sasa ameiva kwa mashindano. Huo ni uongo. Ni uongo unaovunja mifupa.

Nasema kuvunja mifupa bila kutia chumvi. Mfupa hujengwa zaidi katika ujana, na ifikapo miaka 30 hivi ghala limeshajaa kadiri litakavyojaa. Homoni zinazoleta hedhi ndizo pia zinazolinda mfupa. Zikikosekana miaka mitatu minne katika umri wa kujenga, pengo lile halizibiki lote hata akianza kula vizuri baadaye. Waendeshaji baiskeli wana hatari ya ziada. Mfupa hupenda kutikiswa: kuruka, kukimbia, kubeba mzigo. Lakini kwenye baiskeli umeketi, na uzito wako umebebwa na chuma. Moyo unapata mazoezi mazuri sana, mifupa inapata kidogo. Kwa hiyo anayeendesha sana na aruke kamba pia, au abebe vitu vizito mara mbili tatu kwa wiki. Msichana anayechota maji kisimani tayari ameianza kazi hiyo, ingawa sidhani kama angeiita mazoezi.

Sasa wewe mama, ukiona binti yako amekosa hedhi miezi mitatu mfululizo, ufanye nini? Najua wazo la kwanza litakalokujia, na mara nyingi huja pamoja na kofi. Tafadhali usianze na kofi. Nendeni pamoja kituo cha afya. Ni kweli, mimba ndiyo itapimwa kwanza, na ni sawa ipimwe. Ikiwa haipo, usimwambie muuguzi asante ukaondoka. Mweleze anafanya mazoezi gani, saa ngapi kwa siku, na anakula nini. Msichana aliyefikisha miaka 15 bila kuvunja ungo naye apelekwe.

Jambo moja watu hulichanganya. Mwanamke anayechoma sindano ya kupanga uzazi anaweza kukosa hedhi kwa sababu ya dawa hiyo, na hilo ni jambo jingine. Na anayemeza vidonge vya kupanga uzazi anaweza kutokwa na damu kila mwezi akadhani yote ni mazima, kumbe damu ile inaletwa na vidonge. Kwa hiyo dalili yetu kubwa inaweza kufichwa. Mwambie daktari unatumia njia gani.

Kuhusu chakula, wanawake hawa wa Tour sasa wanakula hata wakiwa juu ya baiskeli. Wataalamu huwashauri wapate gramu 60 hadi 90 za wanga kwa kila saa ya mashindano, na wengine hupita hapo. Ndizi mbivu moja ina gramu 25 hivi, basi piga hesabu: ndizi tatu kila saa, huku miguu inazunguka. Binti yako hahitaji vile vifurushi vya bei ghali. Anahitaji uji kabla ya kutoka alfajiri, sio chai ya rangi peke yake. Anahitaji kitu mkononi mara baada ya mazoezi: kiazi kitamu, ndizi, maziwa. Anahitaji sahani ya jioni yenye ugali wa kutosha, maharagwe au omena, na mboga za majani. Omena huliwa pamoja na mifupa yake, kwa hiyo inampa kalisiamu. Na kama chakula ni kidogo nyumbani, jambo ambalo kwa wengi wetu ni la kweli, basi mazoezi yapunguzwe hadi mavuno yaje. Kocha akikataa, mwalike jioni moja aione sufuria.

Kabla sijamaliza, kuna swali linalonongonezwa tu: je, baiskeli itamharibu msichana? Zamani huko Ulaya, mnamo miaka ya 1890, kulikuwa na madaktari walioandika kwamba baiskeli itampindisha mwanamke uso. Nyuso hazikupinda. Na lile la ubikira, kiungo kile hutofautiana kwa kila msichana tangu kuzaliwa, na hakuna anayeweza kukitazama akajua msichana amelala na mwanamume au la. Kutwaliwa baiskeli kwa sababu hiyo ni dhuluma. Taabu ya kweli ya kiti cha baiskeli ni michubuko na majipu. Kaptura za baiskeli zenye sponji huvaliwa bila chupi ndani, kwa sababu mshono wa chupi ndio unaochubua. Zivuliwe mara tu safari inapokwisha, zifuliwe, zianikwe juani. Jipu likivimba, apumzike, na likizidi aende akatibiwe.

Na uzazi je? Lizzie Deignan wa Uingereza alijifungua Septemba 2018. Juni 2019 alishinda mashindano ya hatua ya wanawake ya Uingereza. Miezi tisa tu, wengine bado hatujaacha kuamshwa usiku. Mwaka 2020 shirikisho la dunia la baiskeli liliweka mshahara wa kima cha chini kwa timu kubwa za wanawake na likizo ya uzazi: miezi mitatu kwa malipo kamili na mitano kwa nusu. Mwanamke mwenye mkataba wa namna hiyo halazimiki kuchagua kati ya mtoto na mkate.

Pia Afrika haiko nje. Mwaka 2025 Kimberley Le Court wa Mauritius alishinda hatua ya tano ya Tour de France Femmes na akaivaa jezi ya manjano, Mwafrika wa kwanza kufanya hivyo katika mashindano hayo. Septemba mwaka huohuo mashindano ya dunia ya barabarani yakafanyika Kigali, mara ya kwanza barani kwetu, na wasichana waliokuwa wamejipanga kando ya zile barabara za milima waliona kwa macho yao. Wengine wao, na wengine hapa kwetu, wataomba baiskeli.

Ukimpa yako baiskeli, mpe na kalenda ndogo ya ukutani. Atie alama siku hedhi inapoanza, kila mwezi. Siku mkienda kliniki, mwende nayo.

Juma lijalo tutazungumza kuhusu upungufu wa damu. Kwaheri kwa sasa.