Somo la Redio: Kutafuta Habari za Uajemi katika Intaneti

Kaeni karibu na redio, mshike kalamu zenu.

Andikeni maneno haya manne: bandari, serikali, pamba, cherehani. Mmemaliza? Vema. Fundi wa Mwanjelwa anakanyaga cherehani chake kila siku, pengine hajui kwamba jina hilo lina asili ya Kiajemi, lugha ya nchi ya Iran. Maneno haya yote manne ni hivyo. Yalifika pwani kwa njia ya bahari, kisha yakapanda mpaka huku kwetu milimani.

Sasa tuseme watu wawili darasani wanabishana. Mmoja asema, “Watu wa Kilwa ya kale walikuwa Waajemi.” Wa pili asema, “La, walikuwa Waafrika.” Nani mkweli? Zamani tungemngoja msomi atuambie. Leo ninyi wenyewe mwajua kusoma. Tafuteni.

Kwanza, jueni majina. Waswahili waliiita nchi hiyo Uajemi. Wazungu waliandika Persia, mpaka mwaka 1935 serikali yake ilipoyaomba mataifa yaiite Iran. Basi ukitafuta kwa neno Iran peke yake, vitabu vingi vya zamani vitakupita. Jaribu na Persia, tena Shirazi, tena Kilwa.

Pili, chagueni mahali pa kuaminika. Ipo kamusi elezo kubwa iitwayo Encyclopaedia Iranica, iliyoanza kuchapishwa mwaka 1982. Katika intaneti yasomwa bure, na wataalamu walioandika wametajwa kwa majina. Imeandikwa kwa Kiingereza. Kama Kiingereza ni kigumu, nenda maktaba ya mkoa, Mbeya au Iringa, umwombe mkutubi akusaidie. Kuuliza si ujinga.

Tatu, linganisheni. Historia ya kale ya Kilwa yasimulia kwamba mfalme wa Shiraz na wanawe sita walikuja kwa majahazi saba. Mwaka 2023 jarida la Nature lilitoa habari za uchunguzi wa mifupa ya watu 80 wa kale, wengi wao wa miji ya pwani. Ilionekana kwamba wazee wao wa kike walikuwa hasa Waafrika, na wengi wa wanaume waliotoka ng’ambo wakawaoa walikuwa Waajemi. Kuchanganyika huko kulianza karibu mwaka 1000. Na lugha ya watoto wao, Kiswahili, ni ya Kibantu, ndugu ya Kihehe na Kinyakyusa.

Mwaona? Kila mmoja wa wale wawili alishika nusu ya kweli. Aliyesoma mahali pamoja tu angerudi nyumbani na nusu hiyo.

Zoezi la juma hili: andikeni swali moja juu ya Uajemi, na chini yake maneno matatu ya kulitafutia. Mwalimu wenu atayasahihisha.

Kwa herini.