Tuhesabiwe Dhahabu Yetu kwa Uzito

Mpenzi msikilizaji wa Ifakara mjini, wa Mlimba, nawe uliyeko stesheni ya Uchindile unasubiri treni ya TAZARA, leo nazungumzia mali ambayo ni yako ingawa hujawahi kuitia machoni. Ni dhahabu inayonunuliwa na Benki Kuu ya Tanzania na kuwekwa akiba kwa niaba ya nchi nzima.

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, wachimbaji na wafanyabiashara wa dhahabu wanatakiwa kutenga angalau asilimia 20 ya dhahabu yao isafishwe humu nchini na iuzwe kwa Benki Kuu. Anayeiuzia benki hiyo analipa mrabaha wa asilimia 4 badala ya 6. Malipo yanafanyika kwa shilingi, na hapo ndipo penye uzuri wa mpango huu. Nchi inapata mali inayokubalika dunia nzima bila kwenda kuitafutia dola. Tunakumbuka mwaka 2023 na 2024, waagizaji wa mafuta na mbolea walivyohangaika kutafuta dola. Hangaiko lile halikuishia Dar es Salaam. Lilifika hadi kwa mwenye mashine ya kusaga huko milimani, kwa sababu dizeli anayotumia inatoka ng'ambo, na treni inayopita Uchindile nayo inakunywa dizeli hiyo hiyo.

Kwa hiyo mimi naunga mkono mpango huu, kwa moyo wote. Linalonikosesha raha ni namna tunavyotangaziwa mafanikio yake. Mara nyingi tunasikia thamani: akiba imefika dola kadhaa, inatosha kuagiza bidhaa na huduma kwa miezi kadhaa. Thamani peke yake inaweza kutupoteza. Mkulima mwenye magunia 20 ya mpunga ghalani, bei ikipanda mara mbili, anayo magunia 20 bado. Hajalima hata robo eka zaidi.

Tuchukue tani moja ya dhahabu. Ndani yake mna wakia 32,000 na ushei. Januari 1980 wakia moja ilifika dola 850, na tani ile ilikuwa na thamani ya dola milioni 27 hivi. Agosti 1999 wakia ilishuka hadi karibu dola 252, tani ile ile ikawa dola milioni 8 tu. Miaka 19 ya kungoja, na thamani imepungua kwa asilimia 70! Serikali ya Uingereza ilichoka, na kati ya 1999 na 2002 ikauza takriban tani 395. Ikauza bei ikiwa chini kabisa. Oktoba 2025 wakia ilivuka dola 4,000, na tani moja ikawa na thamani ya dola milioni 128 na zaidi. Uzito haukubadilika hata gramu moja katika safari yote hiyo.

Na sisi tulikuwa wapi wakati huo? Mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa mwaka 1966, mwaka uleule Benki Kuu ilipoanzishwa. Migodi mikubwa ya kisasa ilianza kwa Golden Pride kule Nzega mwishoni mwa miaka ya 1990, ikafuatia Geita mwaka 2000. Bei ilikuwa chini na sheria ya madini ya 1998 ilitutengea mrabaha wa asilimia 3. Hatukuwa na sharti la kubakiza hata moja ya tano ya dhahabu ile wakati wakia haifiki dola 300. Sharti hilo lilipoanza, Oktoba 2024, wakia ilikuwa inakaribia dola 2,700. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu watoto wanaosoma leo pale Uchindile ndio wangerithi akiba hiyo.

Hadi sasa bahati imekuwa upande wetu. Mikuo ya dhahabu iliyonunuliwa mwezi ule wa kwanza wa sharti, mwaka mmoja baadaye ilikuwa imeongezeka thamani kwa karibu nusu. Lakini ongezeko hilo halijalipa bili yoyote. Muuza dizeli hapokei mkuo wa dhahabu. Ni lazima uuzwe kwanza, au uwekwe rehani, na kwa bei ya siku hiyo. Serikali ikiona takwimu imevimba inaweza kushawishika kupanga matumizi juu ya faida ambayo haijashikwa mkononi. Bei ikigeuka kama ilivyogeuka baada ya 1980, miradi itasimama katikati, na kwa jinsi ninavyoijua nchi hii, barabara za mbali kama zetu ndizo zitakazosimama kwanza.

Kuna jambo jingine, nalitaja kwa kifupi. Kila gramu inayonunuliwa inaingiza shilingi mpya mtaani. Zikizidi mno, bei ya unga na sukari itapanda. Benki Kuu inazo njia za kuzipunguza shilingi hizo, na inapaswa kutueleza inazitumiaje.

Benki Kuu hutoa tathmini ya uchumi kila mwezi. Naomba ndani yake iwekwe mistari mitatu, kwa Kiswahili: tumeongeza kilo ngapi mwezi huu, tulinunua kwa bei gani, na ni kiasi gani cha ongezeko la thamani kimetokana na bei ya dunia pekee. Bajeti hujadiliwa Dodoma hadi mwishoni mwa Juni. Mbunge wa Mlimba na mbunge wa Kilombero wanaweza kusimama na kuuliza maswali hayo matatu. Wakija kwenye mkutano wa kijiji kabla ya hapo, wakumbusheni.