SOMO LA SABA: MAPATANO KABLA YA KUWASHA KAMERA

Karibuni tena katika masomo yetu ya kazi za kujitegemea. Mlio katika vikundi, sogeeni karibu na redio. Katibu wa kikundi ashike kalamu na daftari, maana leo tutafanya hesabu.

Somo la leo linawahusu wale wanaopiga picha za video na kuzihariri bila kuajiriwa na mtu. Hapa Majengo, mjini Dodoma, kazi hii imekua. Serikali ilianza kuhamia hapa mwaka 2016, na Dodoma ikafanywa jiji mwaka 2018. Watu wakaongezeka, na shughuli zikaongezeka pamoja nao: harusi, sendofu, kipaimara, mahafali na semina. Basi kazi ipo. Lakini wako mafundi hodari ambao baada ya miaka miwili huuza kamera zao ili walipe kodi ya chumba. Kwa nini? Tutazame.

Tumchukue kijana mmoja wa mfano. Amepatana kupiga na kuhariri video ya sendofu kwa shilingi 200,000. Amepewa 100,000, na 100,000 nyingine ameahidiwa baada ya kazi. Yeye hufurahi, akidhani amepata laki mbili. Je, ni kweli? Andikeni.

Kamera yake aliinunua kwa shilingi 2,400,000. Itamfaa miaka mitatu, naye hupata kazi 40 kwa mwaka, yaani kazi 120. Gawanya: kila kazi inakula shilingi 20,000 za kamera. Kompyuta ya shilingi 1,800,000, kwa kazi hizo hizo 120, inaliwa shilingi 15,000. Msaidizi wa kushika taa, 30,000. Bajaji ya kubeba vyombo kwenda na kurudi, 15,000. Chombo cha kuhifadhia picha, 20,000. Umeme na bando, 10,000. Jumlisha. Mmepata ngapi? Ni shilingi 110,000.

Toa katika 200,000, zinabaki 90,000. Amepiga picha siku moja na kuhariri siku nne. Kwa hiyo kila siku amepata shilingi 18,000. Si haba. Lakini wenye shughuli wakasema: ondoa hotuba ya mjomba. Kesho yake: rudisha hotuba ya mjomba. Keshokutwa: badilisha muziki. Siku tatu zaidi zimepita. Zile 90,000 sasa ni za siku nane, nazo ni shilingi 11,250 kwa siku.

Kisha salio la 100,000 halikulipwa kabisa. Fanyeni hesabu. Amepokea 100,000, naye ametumia 110,000. Amefanya kazi siku nane na kupata hasara ya shilingi 10,000. Huyu ndiye anayeuza kamera yake, ndugu zangu. Ameiuza kidogo kidogo tangu zamani bila kujua. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Sasa, kwa nini salio halikulipwa? Mara nyingi si kwa sababu watu ni wabaya. Mnajua desturi yetu: shughuli huendeshwa na kamati, yenye mwenyekiti na mweka hazina. Shughuli ikiisha, watu hukutana, hula, hunywa, na kuvunja kamati. Siku hiyo fedha zilizobaki huisha. Wewe unakuja wiki ya tatu na video yako nzuri, lakini kamati haipo tena, na mweka hazina hana hazina. Maharusi nao watasema, “Sisi hatukupatana nawe.” Ndiyo maana twasema kukopa harusi, kulipa matanga.

Dawa yake ni mapatano ya maandishi kabla ya kuwasha kamera. Ukurasa mmoja watosha. Andikeni mambo haya sita.

La kwanza, kazi yenyewe: shughuli gani, saa ngapi hadi saa ngapi, na video itakuwa ya urefu gani.

La pili, siku ya kukabidhi.

La tatu, marekebisho: mara mbili bila malipo, nayo yaletwe yote pamoja kwa maandishi na mtu mmoja aliyechaguliwa. Zaidi ya hapo, kila siku ina bei yake.

La nne, malipo. Nusu ilipwe kabla ya siku ya shughuli, na robo siku yenyewe, kamati ikiwa bado hai. Robo ya mwisho ilipwe baada ya kuitazama video, lakini kabla ya kukabidhiwa. Video ya kutazama iwe na jina lako katikati ya picha. Iliyo safi hutolewa fedha zikiisha kuingia.

La tano, matumizi. Je, umeruhusiwa kuziweka picha hizo mtandaoni kutangaza kazi yako? Uliza na uandike. Kumbuka pia kwamba wimbo ni mali ya msanii chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Ukiutumia mtandaoni bila ruhusa, video yako yaweza kuondolewa.

La sita, utunzaji. Weka nakala mbili, nyumba mbili mbalimbali, na utaje utazitunza miezi mingapi. Bibi aliyembariki mjukuu wake siku ile huenda mwakani asiwepo, na picha hiyo haipigwi mara ya pili.

Wengine huona haya kumpa mtu mzima karatasi. Sikilizeni jinsi ya kusema.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Karatasi ya nini tena? Si tunakaa mtaa mmoja?”

“Ndiyo, mama. Ndiyo sababu nimeiandika. Sitaki siku moja tukutane sokoni, wewe ukapita huku na mimi kule. Karatasi hii itatukumbusha sote.”

Mama huyo atatia sahihi. Asipotia, afadhali uwe umejua leo kuliko baada ya siku nane za kazi.

Neno moja kwa wanaotaka kazi za ofisi: ofisi itakuuliza namba ya mlipakodi na risiti. Zabuni za serikali, tangu mwaka 2023, hupitia mfumo wa NeST. Tengeneza karatasi zako mapema, maana ofisi nayo yaweza kuchelewa kulipa. Usipokee kazi ambayo huwezi kuigharamia kwa miezi miwili.

Maswali ya kikundi: Kwanza, kila mmoja akadirie gharama ya kazi yake ya mwisho, pamoja na siku zake. Pili, je, alipata faida au hasara? Tatu, mwandike pamoja ukurasa mmoja wa mapatano.

Wiki ijayo tutazungumza juu ya kuweka akiba ya kununua vyombo. Kwaherini.